Kati ya Shetani na Malaika: Mtoto Mwenye Usonji katika Mahubiri na Simulizi za Dini

Mwezi wa Oktoba 1938, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano alifikishwa na wazazi wake mjini Baltimore, Marekani, mbele ya Daktari Leo Kanner. Walitoka Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33, akieleza yote aliyoyaona kwa mwanawe: kwamba hufurahi zaidi akiachwa peke yake, kwamba huzungusha vitu sakafuni kwa saa nyingi na kukasirika akikatizwa, kwamba ni kana kwamba haoni baba anapoingia nyumbani. Mtoto huyo, Donald Triplett, ndiye wa kwanza kati ya watoto 11 ambao Kanner aliandika habari zao mwaka wa 1943, katika makala ambayo ilizipa hali zao jina la otisimu. Kwa Kiswahili tunasema usonji.

Ndani ya makala hiyo mna sentensi moja ambayo madaktari huipita haraka, lakini mimi katekista ilinisimamisha. Kanner aeleza kwamba mtoto huyo, akiwa mdogo sana, alikuwa amekwisha kujifunza kwa moyo Zaburi ya 23, pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Wapresbiteri. Maana yake ni hii: mtoto wa kwanza kuingia katika vitabu vya tiba kwa jina la usonji aliingia akiwa na katekisimu mdomoni. Dini ilikuwa imekwisha kumfikia kabla ya daktari. Je, dini ilikuwa imemwona?

Swali hilo ndilo ninalotaka tulifuate katika ukurasa huu. Nisemapo simulizi za dini sifikirii redio na televisheni peke yake. Kwa karne nyingi chombo cha habari cha Wakristu kilikuwa mimbari, na baada ya mimbari picha iliyochorwa ukutani mwa kanisa, na kitabu cha maisha ya watakatifu. Jina la usonji ni jipya, wala si halali kuwapima marehemu kwa ugonjwa ambao hakuna aliyewachunguza. Lakini mtoto asiyesema, asiyemtazama mtu machoni, aliaye akiguswa, huyo si mpya hata kidogo. Wahubiri walimkuta, wakalazimika kumweleza kwa waamini.

Tuanze na Étienne de Bourbon, mtawa Mdominikani aliyefariki karibu mwaka wa 1261. Alikusanya mifano mingi ya kuwasaidia wahubiri, na mmojawapo aliuokota mwenyewe katika nchi ya kaskazini mwa Lyon, Ufaransa. Wanawake walimwungamia kwamba hupeleka watoto wao kwa Mtakatifu Guinefort. Padri akauliza Guinefort ni nani. Akajibiwa kuwa ni mbwa wa kuwinda, aliyeuawa bure baada ya kumwokoa mtoto wa bwana wake na nyoka. Kaburini pake mama walileta watoto waliodhoofika au wasiokua kama wengine. Waliamini kwamba pepo wa msituni wamemwiba mtoto wao halisi na kuacha wa kwao mahali pake. Basi walimpitisha mtoto mara tisa kati ya miti miwili, wakawasihi pepo wamchukue wa kwao na kumrudisha aliyeibwa, kisha wakamwacha peke yake chini ya mti, mishumaa imewashwa kandokando. Wengine waliungua. Waliosalia walichovywa mtoni mara tisa, maji yakiwa baridi na ya mbio.

Étienne alikasirika kwa haki. Aliamuru mifupa ya mbwa ifukuliwe na kuchomwa pamoja na miti. Hata hivyo, nikisoma habari yake najiuliza jambo asilolijibu: baada ya moto kuzimika, mama wale walirudi nyumbani na nini? Aliwaondolea mbwa, na alifanya vema. Lakini mtoto alibaki vilevile, na mhubiri hana neno lolote juu ya mtoto. Kitabu kinajua makosa ya mama; hakijui jina la mtoto hata mmoja.

Fikira hiyo ya mtoto wa kubadilishwa haikuishia msituni. Iliingia kanisani kwa mlango wa mbele. Mchoraji Martino di Bartolomeo wa Siena, mwanzoni mwa karne ya 15, alichora maisha ya Mtakatifu Stefano, na humo shetani aonekana akimbeba mtoto mchanga na kuacha mwingine kitandani. Mwishoni mwa karne hiyohiyo kitabu cha Heinrich Kramer, Mdominikani, kilichokuwa mwongozo wa kuwasaka wachawi, kilifundisha jambo hilo kama elimu. Na katika mazungumzo ya mezani ya Martin Luther, yaliyokusanywa na wanafunzi wake na kuchapwa mwaka wa 1566 baada ya kufa kwake, tunasoma juu ya mtoto wa miaka 12 huko Dessau, aliyekula kwa wingi na kupiga kelele kila alipoguswa. Luther, kwa jinsi wanafunzi walivyoandika, alimwona kuwa nyama tu isiyo na roho, akashauri atupwe mtoni. Mtawala wa nchi alikataa. Wataalamu wanabishana kama maneno hayo ni yake yote, na sisi Wakatoliki tusiyashike kwa furaha ya kuwasema ndugu zetu, kwa maana Kramer alikuwa wa kwetu.

Hata hivyo, upande wa pili wa historia upo, na huo watupendeza zaidi. Kati ya wenzake wa kwanza wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi alikuwako Ndugu Ginepro, aliyefariki mwaka wa 1258. Alisikia mgonjwa akitamani mguu wa nguruwe. Akashika kisu, akaenda porini, akakata mguu wa nguruwe wa mtu aliye hai, akaupika. Mwenye nguruwe alipokuja akifoka, Ginepro alishangaa kwa moyo safi kwamba kuna mtu wa kukasirikia tendo jema kama hilo. Siku nyingine, alipokaribia Roma, watu wengi walitoka kumlaki kama mtakatifu. Yeye aliwaona watoto wawili wakicheza juu ya ubao uliolazwa juu ya gogo, huku unapanda, huku unashuka. Alipanda naye akacheza, akaendelea kucheza mpaka wenye kumheshimu walipochoka na kuondoka wote.

Mwanasaikolojia Uta Frith, katika kitabu chake cha mwaka wa 1989 juu ya usonji, alimtaja Ginepro kama mtu ambaye huenda alikuwa na hali hiyo. Wengine walisema hivyo juu ya wale wapumbavu kwa ajili ya Kristu waliosifiwa katika Kanisa la Urusi. Mimi sitathibitisha wala kukanusha. Ila natazama kile ambacho wenye kusimulia habari hii kwa kicheko hawakitazami. Fransisko, aliyempenda sana Ginepro, hakusema kwamba mtu mwenye moyo safi hivyo hahitaji kufundishwa. Alimkemea kwa sababu ya nguruwe, akamwamuru akimbie amfuate mwenye mali amwombe radhi. Alimtendea kama ndugu aliyekosea, anayeweza kuelewa. Katika simulizi zote za kale ninazozijua, sijaona heshima kubwa kuliko hiyo.

Nani mwingine alitazama kwa namna hiyo? Padri mmoja Mfaransa, Pierre Joseph Bonnaterre, mwalimu wa elimu ya viumbe huko Rodez. Mwaka wa 1800 aliletewa mvulana aliyekamatwa akiishi peke yake msituni, asiyesema, aliyekuja kuitwa Victor wa Aveyron, na ambaye wengi leo wadhani alikuwa na usonji. Mwaka huohuo Bonnaterre aliandika alichokiona: anakula viazi, karanga za msituni na mbegu za mialoni, anasikia sauti gani na haijali ipi, anafanya nini mbele ya moto. Hakumwita shetani wala malaika. Baadaye daktari kijana, Jean Itard, alimfundisha Victor mjini Paris kwa miaka kama mitano, akavunjika moyo kwa kuwa mtoto hakusema. Mama Guérin, aliyempikia na kumtunza, hakuvunjika moyo. Alikaa naye mpaka Victor alipofariki mwaka wa 1828. Njia za Itard zilirithiwa na Édouard Séguin, na za Séguin na Maria Montessori, ambaye kila mwalimu aliyepita shule ya ualimu hapa kwetu ametajiwa jina lake. Vile vibao vya kugusa na vya kupanga vilivyoko katika shule zetu za watoto wadogo vina asili kwa mtoto asiyesema. Sikumbuki mwalimu wangu yeyote akituambia hilo.

Sasa nifike Vienna, ijapokuwa ni habari nzito kwa chama cha walei kama chetu. Daktari Hans Asperger aliandika mwaka wa 1944 juu ya watoto wenye namna ya usonji ambayo ilibeba jina lake kwa muda mrefu. Alikuwa Mkatoliki wa kusali, aliyelelewa katika chama cha vijana Wakatoliki. Kwa miaka mingi alisimuliwa kama mlinzi aliyewaficha watoto wake wasipatikane na Wanazi. Simulizi lilikuwa zuri, na lilitufaa. Lakini mwaka wa 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika mafaili ya hospitali, na mwaka huohuo Edith Sheffer akatoa kitabu. Ilionekana kwamba Asperger aliwapeleka watoto kadhaa katika nyumba ya Am Spiegelgrund, ambako watoto karibu 800 walikufa, wengi wao wakiuawa kwa dawa au kwa njaa.

Mmoja wao alikuwa msichana ambaye bado hajatimiza miaka mitatu, aliyeharibiwa na ugonjwa wa ubongo. Mwishoni mwa Juni 1941 Asperger aliandika kwamba mtoto huyo ni mzigo usiobebeka kwa mama yake, na kwamba kumweka Spiegelgrund daima ni jambo la lazima. Alikufa mwanzoni mwa Septemba.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna Jumapili moja. Tarehe 3 Agosti 1941, Askofu Clemens August von Galen alipanda mimbari ya kanisa la Mtakatifu Lamberti mjini Münster, Ujerumani, akasema wazi kwamba serikali inawaua wagonjwa wa akili. Hakuwasifu wagonjwa hao kuwa watakatifu. Aliuliza kama binadamu ni mashine ya kutupwa ikichakaa, au farasi wa kuchinjwa akilemaa. Akawaita ndugu na dada, na akawaonya wasikilizaji kwamba siku watakapozeeka na kukosa faida watauawa wao pia. Mahubiri yalinakiliwa kwa mashine na kwa mkono, yakapita nyumba kwa nyumba, yakawafikia askari vitani, na ndege za Waingereza zikayaangusha kama karatasi. Tarehe 24 Agosti Hitler aliamuru kazi ile isimamishwe, baada ya watu zaidi ya 70,000 kuuawa. Kuwaua watoto hospitalini kuliendelea kwa siri, na hivyo mahubiri hayakumwokoa msichana wa Vienna. Hao ni Wakatoliki wawili wa majira mamoja. Mmoja alitumia chombo cha habari alichokuwa nacho, yaani mimbari. Mwingine alitia sahihi.

Turudi kwetu. Baada ya Aprili 1990, milango ya siasa ilipofunguliwa, makanisa ya uamsho yaliongezeka mno nchini Kongo, na pamoja nayo redio na televisheni za kidini. Umaskini, vita na mauti viliingia katika kila nyumba, na watu walidai maelezo. Ushuhuda wa mtoto mchawi ukawa kipindi chenye wasikilizaji wengi. Sisi sote tumewahi kusikia orodha ya dalili: halali usiku, anacheka peke yake, hamwangalii mtu, anarudiarudia maneno, anakasirika pasipo sababu. Mwalimu yeyote aliyesoma kidogo habari za usonji akiisikia orodha hiyo atashikwa na baridi. Wakala wa Umoja wa Mataifa unaoshughulikia watoto, UNICEF, katika uchunguzi wake wa mwaka wa 2010 juu ya watoto wanaoshtakiwa uchawi Afrika, uliwataja wenye ulemavu na wenye kifafa miongoni mwa wanaoshtakiwa haraka. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaweka adhabu ya kifungo. Sheria ipo. Na vipindi navyo vipo.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Afrika peke yake. Mwezi wa Agosti 2003, mjini Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka minane mwenye usonji alikufa mikononi mwa watu wa kanisa dogo waliomlaza chini na kumkandamiza ili pepo amtoke. Walikuwa wakimwombea.

Wahubiri wa namna hiyo hushika sura ya 9 ya Injili ya Marko, yule mtoto mwenye pepo bubu. Naomba tuisome taratibu. Kabla ya kutenda lolote, Yesu amwuliza baba wa mtoto hali hiyo imempata tangu lini, na baba aeleza: tangu utoto, na hatari zake za moto na za maji. Bwana, ajuaye yote, alimpa mzazi nafasi ya kusimulia. Barua ya kurasa 33 ya baba wa Forest ni jibu la swali lilelile.

Katika Kanisa letu sauti ya Roma imekuwa nyingine. Novemba 2014 Vatikano ilikusanya mkutano wa kimataifa juu ya watu wenye usonji, na Papa Fransisko, alipowapokea wenye kushiriki pamoja na jamaa, aliomba upweke uvunjwe, na aibu wanayobebeshwa iondolewe. Tarehe 28 Novemba 2018, mtoto mdogo asiyesema, kutoka Argentina, aliponyoka mikono ya mama yake, akapanda jukwaani wakati wa katekesi ya Papa, akamvuta mlinzi mkono na kucheza nyuma ya kiti. Papa alikataza asiondolewe, akasema kwamba mtoto huyo ni huru, akauliza kama sisi tuna uhuru huo mbele ya Mungu. Picha zilienea dunia nzima kwa siku moja. Nilizitazama kwa machozi. Ila vyombo vyetu vya dini vilipozirudia vilibakiza tabasamu tu: mtoto alikuwa somo letu, kisha akatoweka. Hakuna aliyetuonyesha mama akirudi nyumbani na mtoto, akitafuta shule itakayompokea.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Anayesema mtoto huyu ni shetani anataka kumtoa. Anayesema ni malaika anamwinua juu sana mpaka mikono yetu haimfikii. Wote wawili wamejiondolea kazi ya kumfundisha.

Nalisema nikijishtaki. Miaka mingi iliyopita, mama mmoja aliniletea mwanawe aandikwe katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Nilimwuliza: Mungu ni nani? Akajibu: Mungu ni nani? Nilirudia, naye akarudia, kwa sauti yangu hasa, mpaka watoto wengine wakacheka. Alikuwa akipeperusha vidole mbele ya macho yake na kutazama dirisha. Sikuwa mkali. Nilimwita mama pembeni, nikamwambia kwa upole ambao wakati ule nilijivunia: «Mama, usihangaike. Mtoto wako ni malaika wa Mungu. Hana dhambi, hahitaji komunyo.»

Alinitazama kwa muda. Akasema: «Mwalimu, malaika hawana njaa. Huyu ana njaa kila siku.»

Alimshika mtoto mkono, wakaenda. Wakati huo sikujua kwamba Papa Pius wa 10, katika amri yake ya mwaka wa 1910 juu ya komunyo ya watoto, alidai kwa mtoto jambo dogo sana kuliko tulilolidai sisi: ajue, kadiri ya uwezo wake, kupambanua mkate huu na mkate wa kawaida. Mwaka wa 2007 Papa Benedikto wa 16 aliandika kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa wapewe Ekaristi inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya jamaa au ya jumuiya inayowasindikiza. Na mwongozo wa katekesi uliotolewa Roma mwaka wa 2020 unakwenda mbali zaidi: unatumaini kwamba wenye ulemavu wenyewe waweze kuwa makatekista. Nimeyasoma yote hayo. Nimeyasoma nikiwa nimekwisha kumfukuza mmoja.

Donald Triplett alifariki mwezi wa Juni 2023, akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki katika mji wake wa Forest, alijifunza kuendesha gari, alisafiri nchi nyingi, na wenyeji walimzoea kama alivyo. Habari hiyo niliisoma usiku, nikafikiri juu ya yale maswali 25, na juu ya mtu wa nyumbani kwake aliyeketi naye akamsomea swali na jibu, swali na jibu, pasipo kujua kama mtoto anasikia.

Yule mwanafunzi wangu wa siku moja, niliambiwa baadaye, alipokea komunyo katika parokia nyingine. Katekista wa huko, mama mjane aliyesoma shule ya msingi tu, alikuwa akimpeleka kanisani siku za kazi, wakati hakuna watu, akimwonyesha meza, kikombe na mkate, siku baada ya siku, kwa maneno yaleyale. Ilichukua mwaka mmoja na nusu. Sikualikwa kwenye sherehe.